Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine Kuukuu

14 Mei

Kaka Ting, msimamizi wa matoleo yetu, ametuma barua pepe asubuhi hii, mistari minne, bila hata salamu ya maana. Kuanzia toleo lijalo, Yulan haitatengenezwa tena kwa ajili ya mashine za thelathini na mbili. Toleo linafungwa mwisho wa Septemba. Asanteni kwa miaka yote. Tseng Kuan-ting.

Nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya karakana ya baba, soksi za kijivu zikidondoka kwenye vikapu kama kawaida. Yulan ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Tunautengeneza kwa kujitolea, hatuna bosi wala mshahara, na mimi nimo tangu chuoni. "Thelathini na mbili" ndivyo tunavyoziita chipu za kizamani, zile zinazohesabu kwa biti thelathini na mbili. Kila mashine ya soksi hapa Shetou, mji wetu wa soksi, au tuseme kila mashine ya baba, ina kisanduku chenye chipu ya namna hiyo, na kila kisanduku kinaendeshwa na Yulan kwa sababu niliiweka mimi.

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Mnunuzi wetu wa Osaka ameleta sharti jipya: kila mashine iliyoungwa kwenye mtandao iwe na mfumo unaopata viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya wadukuzi. Mkaguzi anakuja Oktoba. Viraka visipokuwepo, hakuna oda. Oda ya Osaka ikiondoka, baba anafunga. Kuzitoa mashine mtandaoni hatuwezi, maana michoro ya soksi inakuja kwa njia hiyo kila asubuhi.

Nimemjibu Kaka Ting neno moja: Hapana.

15 Mei

Nimemwambia baba wakati wa chakula. Akaendelea kuchomoa miiba ya samaki.

"Nunua visanduku vingine basi."

"Kadi inayosukuma sindano haiingii kwenye kompyuta mpya, Baba. Na waliotengeneza kadi walishafunga kiwanda."

"Basi mwambie huyo Ting."

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Hapana."

"Hapana tu?" Akacheka mpaka akaweka vijiti chini. "Ndivyo ulivyomjibu na yule mchumba wa Taichung. Wewe mtoto, neno lako ni moja, na unalitumia vizuri."

Sikucheka. Baba ana miaka sitini na minane na hajui kukaa bure. Nikiwaza karakana imefungwa, siwazi hasara, nawaza yeye ameketi mbele ya televisheni saa nne asubuhi.

20 Mei

Mvua za plamu, zile za kila Mei na Juni, zimeanza. Uzi umelowa unyevu, sindano zinakatika, na kila mtu amenuna.

25 Mei

Mkutano wa Yulan, Taichung, kwenye ule mkahawa wa tambi usiouza nyama. Nilifika nimekwishapanga maneno njia nzima. Kaka Ting alikuwa amekonda na alikula kama mtu anayelipa faini.

Nilisema yangu yote: karakana, Osaka, mkaguzi. Watu walinihurumia, na huruma ndiyo niliyokuwa naiogopa, maana mtu akishakuhurumia anajiona amemaliza wajibu wake. Ting alinisubiri nimalize.

"Dada Yin, nani anaitunza thelathini na mbili? Nitajie mtu. Nimesema mtu, sitaki kusikia habari za mapenzi."

"Mimi."

"Wewe unaitumia. Kutumia siyo kutunza. Viraka vyote vya mwaka huu vimetoka mkononi mwa nani?"

Sikujua. Dada Wan-ju, anayetafsiri Yulan kwa Kichina na ndiye mpole kuliko wote, akamgusa mkono. "Ting, mpe nafasi. Ataje sharti, yeye atimize."

Akataja sharti, taratibu, kama daktari anayesoma majibu. Kwanza saa. Chipu hizi zinahesabu sekunde kwenye kikombe kidogo, na mwaka 2038 kikombe kinajaa. Siku hiyo mashine zitaamini zimerudi zamani. Kikombe kikibadilishwa, kila programu inayokitumia lazima ijengwe upya. Pili, zijengwe kwenye mashine halisi ya thelathini na mbili. Tatu, zijengwe zote bila kubakiza hata moja, kabla toleo halijafungwa.

"Zote?"

"Yulan ni nzima au si Yulan."

"Na mashine ya kujengea iko wapi?"

"Kwangu. Njoo uichukue."

Nimerudi na treni nikiwa na hasira iliyonishibisha kuliko zile tambi. Nitazijenga zote. Nitamtumia ya mwisho na salamu zenye mistari minne.

2 Juni

Nimekwenda Hsinchu. Nyumba ya Kaka Ting ni chumba kimoja na rafu tatu za kompyuta. Juu ya kila kompyuta kuna pakiti ya kijani, vile vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, mpya, zimetazama mbele kama askari. Hilo kwetu si jambo la kueleza: ni hirizi, ili mashine itulie na kutii. Iwe kijani, maana njano na nyekundu huleta balaa, iwe imefungwa, na iwe haijaisha muda, kwa sababu ikishaisha muda mashine inajua. Tunacheka tukiiweka, lakini tunaiweka. Hata hospitali wanaiweka.

Ile ya thelathini na mbili ilikuwa juu kabisa, imezimwa, na pakiti yake imepauka mpaka kijani imekuwa kama maji ya mboga. Nikaigeuza. Imeisha muda zaidi ya miaka miwili.

Fundi wa kompyuta wa kisiwa hiki anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mama yake. Tarehe ya pakiti hasahau.

"Usiiguse hiyo," akasema, akaichukua mkononi mwangu, akaitia kwenye droo na kuisukuma kwa nyonga. Hakuniangalia usoni. Mimi nilikwisha kuipiga picha.

Nimebeba mashine hadi nyumbani mapajani. Nikiwa kwenye treni nimetuma picha ile kwenye kundi letu nikaandika: Sasa tunajua kwa nini thelathini na mbili inakufa.

3 Juni

Wamecheka. Mmoja ameandika kwamba hata jini angekimbia. Kaka Ting hajasema kitu. Wan-ju naye kimya. Nimenunua pakiti mpya dukani, nimeiweka, nimewasha. Imewaka mara ya kwanza.

9 Juni

Inajenga. Inazima. Nawasha. Inazima.

12 Juni

Ni unyevu. Shangazi A-hao, anayehudumia mashine zetu za soksi tangu sijazaliwa, amenipa kona yake kwenye chumba cha kukaushia uzi. Amefanya hivyo kwa manung'uniko ya kutosha wiki nzima.

"Mimi na pumu yangu nikiomba feni, naambiwa uzi kwanza. Kompyuta inakuja jana, inapewa na feni."

"Nitakuletea mapera, Shangazi."

"Mapera nayo. Shetou nzima mapera, wewe unaniletea mapera." Lakini feni ameigeuza mwenyewe iielekee mashine.

13 Juni

Haijazima.

30 Juni

Kikombe cha sekunde kimebadilishwa ndani ya kiini cha mfumo na kisanduku kimoja cha majaribio kimekubali. Nimeisogeza tarehe yake mbele hadi mwaka 2040 nikakiacha kishone. Kimetoa soksi kama hakijaambiwa kitu. Baba aliichukua, akaivuta, akainusa.

"Soksi ya 2040," akasema. "Mguu wa kuivaa sijui kama nitakuwa nao." Kisha akaivaa hiyohiyo moja, na ya kawaida mguu wa pili, akazunguka nazo siku nzima.

Nimefurahi leo. Nalisema wazi kwa sababu wiki hizi nimekuwa nikiandika kama mtu anayesaga meno.

11 Julai

Programu zinaenda vizuri, ndogondogo zote zimepita. Imebaki minofu: programu za ofisi, michezo, na kivinjari cha mtandao. Kivinjari ndicho kinachonitisha. Ni kikubwa mno. Chipu hizi haziwezi kuona kumbukumbu inayotosha kukijenga kwa pamoja. Kinafika karibu na mwisho kisha kinaanguka.

16 Julai

Kimeanguka.

18 Julai

Kimeanguka. Nimekikatakata vipande ili kijengwe pole pole. Tuone.

23 Julai

Dada Wan-ju amepiga simu, eti kuniuliza habari za mvua. Mvua ilishaacha. Nikamwambia aseme alichopigia.

"Ile picha, Yin. Ya pakiti."

"Ilikuwa utani."

"Najua. Ile pakiti iliwekwa na Mwalimu Lien."

Jina nalijua, sote tunalijua. Alikuwa mwalimu wa shule ya ufundi huko Hsinchu, mstaafu, na thelathini na mbili ilikuwa yake kuanzia mwanzo. Nilidhani aliacha tu, kama watu wanavyoacha. Wan-ju akaniambia aliugua na akafariki, mazishi yalikuwa ya watu wa familia, na mkewe hakutaka litangazwe kwenye mtandao. Mashine alimwachia Ting, pamoja na pakiti aliyoiweka kwa mkono wake wakati akiweza bado kupanda kigoda.

"Ting hakuisahau," akasema. "Alishindwa kuitoa. Sasa watu sitini wamemcheka."

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma mpaka A-hao akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

24 Julai

Nimefuta picha na kuandika kwenye kundi kwamba nilikosea, bila kueleza zaidi. Kisha nikampigia.

"Sikujua, Kaka."

"Ungejuaje."

"Ningeuliza."

"Ndiyo," akasema. "Ungeuliza." Halafu akauliza kivinjari kimefika wapi, na nilipomwambia nimekikata vipande, akasema: "Mwalimu pia alikikata."

Viraka vya mwaka huu, nilivyoshindwa kusema vimetoka mkononi mwa nani, ni vyake Ting. Nimekwenda kuangalia leo, jambo nililopaswa kulifanya Mei.

5 Agosti

Joto. Vipande vinajengwa.

15 Agosti

Kivinjari kimevuka pale kilipokuwa kikianguka. Kikiendelea hivi, siku nne zaidi na kimekwisha. Baba amenunua bawan, madonge ya unga yenye nyama ndani, kwa wote kana kwamba nimefaulu mtihani. Nimemwambia asherehekee baadaye. Akasema baadaye tutakula tena.

19 Agosti

Jana jioni wilaya ilitangaza kimbunga: leo hakuna kazi wala shule. A-hao amekuja hata hivyo. Anasema kwake paa linapiga kelele na hapa paa linapiga kelele kwa heshima.

Asubuhi ilikuwa upepo tu. Nilikaa kwenye chumba cha uzi nikitazama mistari ya kivinjari ikipanda. Ilibaki kazi ya mchana mmoja. Saa tano umeme ukakatika, na betri ya akiba ikaanza kulia. Nikamkimbilia baba nimwambie awashe jenereta. Nikamkuta mlangoni ameinama, anautazama mfereji wa nyuma. Maji yalikuwa yamepita ukingo na yalikuja kwetu taratibu kabisa, kama mgeni anayejua njia.

Tulikimbilia mashine. Za mbele baba alikwisha kuziinua juu ya matofali tangu kimbunga cha miaka ya nyuma. Za nyuma bado. A-hao akazungusha mifuko ya mchanga mlangoni huku akiyatukana maji matusi ambayo sijawahi kuyasikia kwa mtu wa umri wake. Maji yalipita chini ya mifuko.

Jenereta yetu ni ndogo. Inavuta pampu, au inavuta kompyuta ya kujengea na feni yake. Viwili pamoja inazima, tulishajaribu.

Baba akaitoa, akaivuta kamba, ikaunguruma. Waya wa pampu ulikuwa mkono mmoja, waya wangu mkono wa pili. Alisimama tu, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, akangoja.

"Betri ina dakika ngapi?" akauliza mwishowe.

"Hazitoshi."

"Kikizima kinaanza upya?"

"Mwanzo kabisa, vipande vyote vinapotea."

"Basi sema wewe, Yin. Mimi hiyo kazi yako siijui. Ukisema ni kompyuta, tutachota kwa ndoo."

Na angechota. Ndicho kilichoniuma, kwamba angechota kwa ndoo mpaka aanguke, kwa ajili ya kivinjari. Nikamnyang'anya waya wa pampu nikauchomeka mwenyewe.

Tumepampu mpaka jioni. Mashine mbili za nyuma zimelowa miguu, maji hayakufika kwenye visanduku. Nilirudi chumba cha uzi nikaikuta kompyuta imezima, kavu, na pakiti yake juu. Nimelia, nikanawa uso, nikaenda kusaidia kufagia tope.

20 Agosti

Tope.

21 Agosti

Umeme umerudi. A-hao amenunua katoni nzima ya pakiti za kijani na kuweka moja juu ya kila mashine ya soksi. "Ya kwako ilikuwa nayo, haikulowa," akasema. "Za kwangu hazikuwa nayo. Mimi si mjinga."

22 Agosti

Nimehesabu na hesabu haitoshi. Kuanza kivinjari upya, kisha vilivyobaki nyuma yake, hata kimbunga kisipokuja tena, Septemba inakwisha kabla.

Nilikuwa nafuta tope lililorukia kisanduku cha mashine ya nyuma na nikakifungua nikague ndani. Nikakiwasha, nikatazama kina programu zipi. Kiini. Mtandao. Kinachopokea michoro. Kinachosukuma sindano. Saa. Orodha ilijaa kiganja. Hakuna kivinjari, maana mashine ya soksi haina haja ya kutazama habari.

Miezi mitatu nimepigana nijenge vitu ambavyo karakana hii haivitumii, ili nishinde sharti. Nimejicheka peke yangu kwa sauti hadi baba akachungulia.

25 Agosti

Nimempigia Kaka Ting. Nikamweleza: tubakize kiini na zile chache tu, mengine tuyaache yaende. Nitaitunza mimi, kwa jina langu.

"Hapana," akasema. Kumbe hata yeye analo hilo neno.

"Kwa nini?"

"Nikikupa wewe sehemu, kesho wenye chipu nyingine wanataka sehemu zao. Kila toleo litakuwa na viraka vya huruma. Sitaki."

"Kwa hiyo uliponiwekea sharti la zote, ulijua siwezi."

"Nilijua Mwalimu hakuweza." Nikasikia anavuta kiti. "Alikuwa hospitali, Yin. Aliniomba nimpelekee kompyuta ndogo, nikampelekea, mimi mwenyewe, nikajiona mwanafunzi mwema. Akawa anaunganisha kwenye ile mashine kutoka kitandani. Kivinjari kilikuwa kimekwama. Mkewe anamlisha uji, yeye macho yako kwenye mistari. Siku zake za mwisho zimekwenda kwa kivinjari ambacho hakuna mtu aliyekiomba. Hakuacha kwa sababu hakuna aliyemwambia inaruhusiwa kuacha. Ndiyo maana naifunga. Nataka iwe na mwisho, mtu mwingine asije akafia humo."

Tangu Mei nimekuwa nikimwona kama mtu anayezima taa ili aende kulala. Kumbe alikuwa anafunga mlango ulioua mtu wake.

"Mimi kivinjari nimekiacha," nikasema. "Kilipokutana na maji ya baba, nimekiacha. Hicho kidogo nilichobakiza sikiachi."

"Basi kitunze nje ya Yulan. Msimbo ni wa wote, hakuna anayekuzuia. Ila usitumie jina letu, na usinipigie kiraka kikikwama."

"Sawa."

"Sawa," akasema, na akakata simu.

3 Septemba

Pendekezo langu nimelipeleka kwa kundi lote, limepigiwa kura. Nimeshindwa vibaya. Wan-ju peke yake ndiye aliyeninyooshea mkono, na nadhani ni kwa sababu ya mapera niliyompelekea.

8 Septemba

Nimeanza yangu. Nimeiita Yulan-si, hapana, nimefuta. Nimeiita Soksi.

17 Septemba

Soksi inajengwa yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa muda wa kufua na kuanika nguo. Nimeijenga mara tatu kwa raha tu.

30 Septemba

Wamefunga toleo. Nilikaa nikautazama ukurasa, na mchana thelathini na mbili ikatoweka kwenye safu ya mashine zinazotunzwa, bila kishindo. Kaka Ting ndiye aliyeiondoa. Ameandika sababu kwa sentensi moja: Ilitunzwa na Lien Hsi-chou. Basi.

Nimezima simu nikaenda kuchuma mapera na baba.

1 Oktoba

Tundu la kwanza la usalama tangu tuwe wenyewe, kwenye programu ya mtandao. Zamani kiraka kingekuja chenyewe. Leo nimekisubiri kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba anayesubiriwa ni mimi. Kufikia jioni nilikuwa nimeliziba, na visanduku vyote vimepokea kiraka.

9 Oktoba

Mkaguzi amekuja, Bibi Nishiguchi, mdogo wa mwili, anazungumza Kichina safi kuliko A-hao. Amevua viatu mlangoni na soksi zake zilikuwa za kwetu. Baba aliziona mara moja na akanyooka mgongo.

Alitazama kila kitu. Akaniuliza jinsi tundu linavyojulikana, linavyozibwa, kiraka kinavyofika. Nikamwonyesha kazi ya tarehe mosi. Alitikisa kichwa kwa kuridhika mpaka swali la mwisho.

"Anayeziba ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ukiugua?"

Baba alinitazama.

"Sisemi kwa ubaya," akasema Bibi Nishiguchi. "Jina moja siwezi kulipeleka Osaka. Niletee la pili, mtu anayeijua kazi hii. Niko Taichung mpaka Ijumaa."

Alipoondoka A-hao akasema yeye ataandika lake. Nikamuuliza atafanya nini kiraka kikikwama. "Nitakipiga," akasema.

10 Oktoba

Wan-ju anatafsiri tu, msimbo hauwezi. Wengine wawili wameniambia wana kazi nyingi, nami nawaamini. Nimeishika simu nikaiacha, nikaishika nikaiacha. Kaka Ting aliniambia nisimpigie kiraka kikikwama. Lakini hiki si kiraka.

Nimempigia.

"Sihitaji uisaidie Soksi," nikamwambia. "Nahitaji mtu wa kunizuia nisiwe Mwalimu Lien. Mtu wa kushika nikiugua, na wa kuniambia niache siku ya kuacha ikifika. Simjui mwingine anayejua siku hiyo inafananaje."

Alisema tu ana kitu kinachopaswa kwenda mahali kwanza.

11 Oktoba

Upepo wa kaskazini umeanza, uzi umekauka, sindano hazikatiki. Hakuna simu.

12 Oktoba

Kaka Ting ameshuka stesheni ya Shetou asubuhi, na begi moja. Baba amempokea kama mtu aliyemwibia zamani na sasa amerudisha. Amemkalisha, amempa mapera na unga wa plamu, hakumuuliza kitu.

"Nilikwenda kwa mkewe Mwalimu jana," akaniambia tulipobaki wawili kwenye chumba cha uzi. "Nilimpelekea pakiti. Miaka miwili nimeitunza, nikaona ni haki yake. Nikampa kwa mikono miwili."

"Akasemaje?"

"Akaigeuza. Akasoma tarehe. Akasema, Ting, hii imeisha muda, akaitupa kwenye pipa la taka. Kisha akanipa chai." Alikuwa anacheka na macho yake yamejaa, na hakuyafuta. "Pipa la taka, Dada Yin. Mbele yangu."

Akaitazama mashine iliyokuwa yake, inayojenga Soksi, feni ya A-hao ikiipuliza. Akaigusa kwa kidole kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Naandika jina langu, liwe la pili baada ya lako," akasema. "Ila kuna sharti."

"Unapenda masharti wewe."

"Linafuata pakiti. Pakiti ikiisha muda, tunakaa, tunaulizana: bado tunataka? Baba yako bado anashona? Mmoja akisema basi, ni basi, tunafunga vizuri, hakuna kununiana. Hakuna kubeba mwaka wa pili kwa kusahau kutua mzigo. Umekubali?"

Nikaigeuza ile niliyoiweka Juni. Inaisha Januari.

"Subiri hapa," nikamwambia.

Nimekwenda dukani kwa mguu. Pakiti za kijani zilikuwa kwenye rafu ya chini, na za mbele ni zile zinazokaribia kuisha muda, kama wenye maduka wanavyopanga. Nikapiga magoti. Nikaanza kuzitoa moja moja na kuziweka sakafuni, nikisoma tarehe, na mwenye duka akaja akasimama juu yangu akauliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta ya nyuma kabisa.